UZI: Hervé Dubuisson, Mfaransa wa mechi 254 na pointi 3,821 aliyebisha hodi NBA mapema mno

#1 Mzee wa Ringi

Wakuu, heshima kwenu.

Kila mada ya kikapu cha Ufaransa ikifunguliwa humu inaanzia kwa Tony Parker na kuishia kwa Wembanyama, utadhani kabla ya 2001 Wafaransa walikuwa wanacheza bao. Leo nawaletea mtu ambaye Parker kaitumikia timu ya taifa miaka na miaka na hakumfikia kwa pointi, na Boris Diaw kamkimbiza kwa idadi ya mechi akaishia nyuma yake. Vuteni viti, uzi ni mrefu kidogo.

Anaitwa Hervé Dubuisson. Kazaliwa tarehe 8 Agosti 1957, Douai, kaskazini kabisa mwa Ufaransa, ukanda wa migodi ya makaa ya mawe karibu na mpaka wa Ubelgiji. Klabu iliyomtoa ni Denain, mji wa viwanda vya chuma ulio jirani na hapo. Mji mdogo, lakini msiudharau, 1965 ulibeba ubingwa wa Ufaransa. Dogo kaingia daraja la kwanza akiwa na miaka 16. Kuanzia hapo hakushika tena nafasi ya kusubiri.

Urefu mita 1.96, anacheza namba mbili, yaani beki mtupaji. Silaha yake ilikuwa mtupo wa kuruka. Mabeki wengi humpimia mtupaji kwa macho: akikunja magoti tu, nao wanaruka. Kwa Dubuisson ujanja huo ulikuwa haufui dafu. Mnaruka wote wawili, wewe unafika mwisho wa pumzi yako unaanza kushuka, yeye bado yuko juu, kiwiko kimenyooka, na mpira unatoka wakati mkono wako umeshapita usawa wa kifua chake. Hapo huna la kumfanya zaidi ya kugeuka kutazama ringi.

Kutoka Denain akaenda Le Mans, akabeba ubingwa mara mbili mfululizo, 1978 na 1979. Baadaye Antibes kule kusini, halafu Paris, na mwisho kabisa Nancy, ambako alimalizia uchezaji na kugeukia ukocha.

Sasa rekodi. Timu ya taifa: mechi 254, pointi 3,821. Kwa wanaume wa Ufaransa hakuna aliyefikia namba yoyote kati ya hizo mbili. Diaw, nahodha wa kikosi kilichotwaa ubingwa wa Ulaya 2013, kastaafu na mechi 247. Saba tu! Na ipo ya tatu: Novemba 1985 aliwafunga Wagiriki pointi 51 katika mechi moja. Nayo ni rekodi ya timu ya taifa.

Hoja yangu iko hapa. Kiangazi cha 1984, mwaka mmoja na kidogo kabla ya zile 51, Dubuisson alikuwa Marekani na New Jersey Nets, timu ya NBA, kwenye ligi ya majira ya joto, ile ya kujaribu wachezaji. Mfaransa wa kwanza kufika hapo. Hakusaini, akarudi nyumbani. Watu wengi wanaisimulia hii kama bahati iliyopotea. Mimi nasema angesaini, hizo rekodi mnazozisoma leo zisingekuwepo. Nitaeleza kwa nini, ila kwanza nipate chai.

#2 Kipanga_Tz

Siti ya mbele nimekaa.

#3 Nyuki Mweusi

Mkuu uzi mzuri lakini ngoja nikurushie jiwe mapema. Mechi 254 za enzi zile ni za namna gani? Timu za taifa za Ulaya miaka ya 70 na 80 zilikuwa zinacheza kirafiki kila wakati, ziara huku, mashindano ya mwaliko kule. Parker alikuwa anatoka msimu wa mechi 82 za NBA ndipo aje kuvaa jezi ya taifa kiangazi. Kuwalinganisha kwa idadi ni kumwonea. Halafu Ufaransa ya wakati huo ilishinda nini? Medali ya Ulaya ya 1959, halafu kwa Ulaya kimya mpaka 2005. Mtu kafunga pointi 3,821 bila hata shaba moja.

#4 Mzee wa Ringi

Nyuki, nilijua lazima utatokea.

Kuhusu medali uko sahihi, sibishi. Kizazi chake kizima kilipita katikati ya ukame huo. Walichokaribia zaidi ni 1983, mashindano ya Ulaya yakifanyika kwao Ufaransa, wakashika nafasi ya 5. Mwaka uliofuata wakaenda Olimpiki ya Los Angeles, mara yao ya kwanza tangu Roma 1960. Wakapangwa kundi moja na Marekani ya Michael Jordan na Patrick Ewing, wakala 120 kwa 62. Walimaliza wa 11 kati ya timu 12. Simfichi mtu.

Lakini kuhusu idadi, tufanye hesabu badala ya kubishana. Parker kaichezea Ufaransa mechi 181, kafunga pointi 2,741. Gawanya: 15.1 kwa mechi. Dubuisson, 3,821 kwa mechi 254: 15.0. Wamelingana, mkuu. Mmoja ana pete nne za ubingwa wa NBA, mwingine hakucheza NBA hata dakika moja, na wastani wao kwenye jezi ya taifa umepishana kwa kitu kisichofika robo ya pointi.

Na kabla hujaniambia kuhusu kirafiki: mstari wa pointi tatu. FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, iliuleta 1984, mita 6.25 kutoka kwenye ringi. Dubuisson alikuwa ameshacheza daraja la kwanza miaka kumi hivi. Mtupaji wa mbali kabisa wa nchi nzima, na kila alichotupia kutoka mbali kwa muda wote huo kilihesabiwa mbili. Parker hakuwahi kucheza mpira bila mstari ule.

#5 Kaka_Msa

Nambie ndugu yangu, hapo kwa Nets ndipo nataka unifungue. Alikwenda akafanyiwa majaribio, akarudi. Sasa kuna watu huwa wanasema Wazungu wa Ulaya walikuwa hawatakiwi NBA siku zile. Ni kweli ama ni porojo?

#6 Mzee wa Ringi

Kaka, karibu. Chai imeshuka, sasa naeleza.

Mwaka 1984 NBA ilikuwa na timu 23, kila moja wachezaji 12. Jumla nafasi 276, na karibu zote za Wamarekani au watu waliosomea vyuo vya Marekani. Mbulgaria Georgi Glouchkov ndiye aliyekuja kufungua mlango kwa wale waliotoka moja kwa moja kwenye ligi za Ulaya, alipoingia Phoenix 1985. Mhispania Fernando Martín akafuata, Portland, 1986. Kwa hiyo Dubuisson alibisha hodi kabla ya wote hao.

Na alibisha mlango gani? Nets wa 1984 ndio kwanza walikuwa wamewang'oa mabingwa watetezi, Philadelphia, raundi ya kwanza ya mtoano. Pale kwenye nafasi za nyuma walikuwepo Otis Birdsong na Micheal Ray Richardson. Huyo Richardson alikuja kufungiwa na NBA 1986, akahamia Ulaya, na 1995 akiwa mzee wa miaka 40 akawapa Antibes ubingwa wa Ufaransa. Antibes hiyo hiyo aliyopita Dubuisson. Dunia hii!

Sasa kiini. Siku hizo FIBA haikuruhusu mchezaji wa NBA kuichezea timu ya taifa. NBA ni ya kulipwa, Olimpiki na mashindano ya FIBA ni ya ridhaa, hata kama ligi za Ulaya zilikuwa zinalipa watu kwa mlango wa nyuma na kila mtu anajua. Ukisaini Marekani, jezi ya taifa unaivua. Muulizeni Martín: alipokwenda Portland, Hispania ikacheza mashindano ya Ulaya ya 1987 bila nyota wake. Sheria ilikuja kufutwa Aprili 1989. Kiangazi kile kile Dražen Petrović na Vlade Divac wakavuka bahari bila kupoteza chochote.

Kwa hiyo pigeni picha. Dubuisson anasaini Nets 1984. Labda anakaa benchi, labda anapata dakika saba kwa mechi. Ile Novemba ya 1985 dhidi ya Wagiriki haipo kabisa, kwa sababu hana ruhusa ya kuwa uwanjani. 254 inakatikia katikati. 3,821 vilevile. Na Wafaransa wangekuwa na "mchezaji wa kwanza NBA" miaka 13 kabla ya Tariq Abdul-Wahad, ambaye Sacramento walimchukua 1997.

#7 Kipanga_Tz

Aisee. Kumbe ndiyo maana.

#8 Nyuki Mweusi

Nimekuelewa kwa sheria, hilo sikulijua lilivyobana. Lakini bado unafanya ujanja. Unatuambia kukosa NBA ni faida kwa sababu tu kapata rekodi nyingine. Muulize kijana yeyote leo, achague: pointi 51 dhidi ya Ugiriki au msimu mmoja Nets? Hakuna atakayechagua Ugiriki.

#9 Mzee wa Ringi

Leo, sawa. Leo huchagui, unapata vyote viwili. Wembanyama yuko San Antonio na kiangazi anavaa jezi ya Ufaransa bila kumwomba mtu ruhusa. Na Ugiriki ile usiichukulie kama timu ya kuokota. Hicho ni kizazi cha Nikos Galis, kilichokuja kubeba ubingwa wa Ulaya 1987 pale Athens. Mtu kawapiga 51 miezi kumi na tisa kabla hawajawa mabingwa.

#10 Fils wa Bukavu

Bandugu jambo. Miye niko hapa Villeurbanne, kando ya Lyon, miaka mingi sasa. Nafurahi kuona watu wanaongea Dubuisson kwa Kiswahili, sikutegemea.

Kwa vile mmemtaja Wembanyama, tukumbushane tu kwamba baba yake ni mtoto wa Kongo. Haya, nimeshajivuna, naendelea.

Bazee wa hapa ukiwaambia Dubuisson ni namba moja wanakukatalia palepale. Hapa namba moja ni Alain Gilles. Alizaliwa Roanne 1945, akaja Villeurbanne 1965, na mataji 8 ya ubingwa alibeba na klabu hii moja, kuanzia 1966 mpaka 1981. Walikuwa wanamwita Bwana Basketi. Na yeye pia aligeuka kocha: Villeurbanne kwanza, kisha Montpellier. Alifariki Novemba 2014. Siku hizi Mfaransa bora wa msimu anapewa tuzo yenye jina la Gilles, na si la Dubuisson. Hiyo pekee inakuonyesha nchi imempima nani vipi.

Tofauti yao watu hapa wanaieleza hivi: Gilles alikaa, Dubuisson alihama. Gilles ana mji, Dubuisson ana namba.

#11 Mzee wa Ringi

Fils, hiyo ya mwisho naiweka pembeni nitaitumia. Asante sana, na huyo Gilles anahitaji uzi wake.

#12 Mama Kikapu

Habari zenu wanangu. Mimi huwa nasoma tu, leo nimeshindwa kunyamaza kwa sababu mnapita haraka sana kwenye ukocha, na kichwa cha habari kwangu ni hicho.

Ninafundisha mabinti wa sekondari. Kocha aliyekuwa mtupaji wa kipaji ana shida moja ya pekee: hajui alichokuwa anafanya. Mwambie aeleze mtupo wake, atakwambia "ruka, tupa". Yule wa kawaida, aliyelazimika kujifunza kila hatua, ndiye anayejua kwamba kidole cha kati ndicho cha mwisho kugusa mpira, kwamba mguu wa upande wa mkono unaotupa unatangulia kidogo, kwamba macho yanashika ringi kabla mpira haujafika kiunoni. Ana maneno. Mwenye kipaji hana, ana mfano tu. Anachukua mpira, anatumbukiza saba mfululizo mbele ya watoto, watoto wanapiga makofi, na hakuna aliyejifunza kitu.

Kwa hiyo mtu kama Dubuisson akishika benchi mara tu baada ya kuvua jezi, tena palepale Nancy, mbele ya wachezaji aliokuwa anabadilishia nguo nao chumba kimoja, mzigo ni mkubwa kuliko mnavyodhani. Jana mlikuwa mnataniana, leo unampa mwenzako dakika nne na yeye anataka ishirini. Gilles wa Villeurbanne alipita huko huko.

Na kama mnataka Mfaransa ambaye ukocha wake ulikuja kuupita uchezaji wake, mtazameni Valérie Garnier. Naye alicheza. Akaichukua timu ya taifa ya wanawake, akaifikisha fainali za Ulaya 2015, 2017, 2019 na 2021, zote fedha, na shaba ya Olimpiki ya Tokyo. Humu mnapenda wanaume tu.

#13 Kipanga_Tz

Mama katuweka darasani 😂

#14 Kaka_Msa

Shikamoo Mama. Umesema kweli tupu. Na hapo kwa wanawake niongeze: mbona Mzee wa Ringi hajamtaja Céline Dumerc? Yeye ana mechi 262 za timu ya taifa. Hiyo ni zaidi ya 254. Rekodi ya Ufaransa yote, wake kwa waume, iko kwa Dumerc.

#15 Mzee wa Ringi

Marahaba za Mama nazipokea kwa niaba 😄 Ndiyo maana pale juu niliandika "kwa wanaume". Dumerc kapita, tena alikuwa nahodha wa kikosi cha fedha London 2012, na sina neno. Kwa wanaume Diaw ndiye alikuwa tumaini la mwisho la kuivunja. Wa sasa hivi sioni. NBA inawabakiza mpaka Juni, na mechi za kufuzu zinachezwa Novemba na Februari katikati ya msimu, wakati nyota wote wako kazini. Mechi 254 zinahitaji mtu apatikane kila akiitwa kwa zaidi ya miaka kumi, na kalenda ya leo hairuhusu.

Mama, kuhusu ukocha, nimekubali nimepita haraka. Sababu ni kwamba ukocha wake haukupewa nafasi ya kuwa mrefu. Nilikuwa nataka kuliacha hili mwishoni lakini acha niliseme sasa.

2001 Dubuisson alipata ajali mbaya ya pikipiki. Alipona. Kumbukumbu ndiyo haikupona. Sehemu kubwa ya maisha yake ilifutika, na kazi yake ya uwanjani ikaenda humo humo. Le Mans, Nets, Los Angeles, zile 51. Amezifahamu tena kwa kusimuliwa na kwa kutazama mikanda, kama mimi na wewe tunavyozifahamu.

Na ni mwaka ule ule, Juni 2001, San Antonio walipomchagua kijana wa miaka 19 kutoka Paris aitwaye Tony Parker, akiwa wa 28.

#16 Kipanga_Tz

Duh.

#17 Nyuki Mweusi

Hiyo sikuwa nayo. Pole yake.

Nauliza kwa heshima tu, je yeye mwenyewe akitazama ule mkanda wa Wagiriki anamwona nani? Maana hana jasho la mechi ile mwilini. Sisi mashabiki tuna kumbukumbu za mpira ambazo hatukucheza, hilo ni la kawaida. Yeye ana mpira aliocheza na hana kumbukumbu.

#18 Fils wa Bukavu

Ndiyo sababu bazee wa hapa wakibishana kuhusu Gilles na Dubuisson, wakifika hapo wanapunguza sauti. Gilles aliweza kukaa mezani na kujitetea mwenyewe: siku ile nilifanya hivi, refa alikosea vile. Dubuisson anatetewa na wengine.

Ila na miye nitamtetea kwa moja, ingawa naishi mji wa Gilles. Wanasema hakuwa na mji. Sawa. Lakini mwanaume wa kuhamahama akiitwa timu ya taifa alikuwa anakuja. Mara 254. Kuna wachezaji wa leo wakiitwa wanatuma barua ya daktari.

#19 Mama Kikapu

Hiyo ya barua ya daktari umenigusa, mimi ninazo za kujaza droo.

Mzee wa Ringi, kwenye uzi wa Gilles nakuomba kitu kimoja. Usituishie kwenye mataji 8. Mtu aliyefundisha klabu ile ile aliyoichezea, nataka kusikia habari za benchi.

#20 Nyuki Mweusi

Kabla hamjafunga: msimamo wangu kuhusu mechi za kirafiki uko pale pale. 254 bado naikata robo. Na Parker kawabeba mpaka dhahabu ya 2013, Lithuania 80 kwa 66 kwenye fainali, hiyo huwezi kuiweka kwenye mizani moja na ziara za kiangazi. Pia kafunga pointi 1,104 kwenye mashindano ya Ulaya peke yake, akampita Galis mwenyewe kabla Pau Gasol hajampita yeye. Hizo zote ni za ushindani, hakuna kirafiki hata moja.

Lakini zile 51 nakupa. Hizo sizigusi.

#21 Mzee wa Ringi

Ukikata robo ya mechi, kata na robo ya pointi. Wastani unabaki 15.0 ile ile 😂

Wa Gilles naushusha wiki hii. Fils, kaa karibu na simu, wewe ndiye mwenyeji wa mji.